Mashine ikae nyuma ya mshauri, si mbele ya mama



Wengi mnajua kuwa huu ni mwaka wa pili sipo Unguja. Nimemfuata mume wangu kikazi hadi Shishiyu, wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu. Huku hakuna bahari, kuna pamba. Na kama sisi kwetu tunavyolia na unga, huku kina mama wanalia na gongo, hasa pamba ikishauzwa na vijana wakawa na pesa mfukoni.

Juzi mdogo wangu kaniletea ujumbe wa sauti. Anataka kusomea shahada ya uzamivu, atafiti namna akili mnemba inavyoweza kuboresha simu za msaada kwa waraibu. Ananiuliza, "Dada, unaonaje?" Nimeona nimjibu hapa, na nyinyi msikie.

Nianze na kisa. Msimu uliopita mama mmoja jirani yangu alichoshwa na ulevi wa mwanawe. Akamfungia chumbani ili aiache gongo kwa nguvu. Siku ya pili kijana akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Siku ya tatu usiku akawa anasema wadudu wanapanda ukutani. Watu wakasema karogwa. Mama wa watu akanigongea na kitochi chake mkononi, nimsaidie kupiga namba ya msaada aliyopewa na mtu.

Tukapiga. Sauti ya kurekodi ikatutaka tubonyeze moja, tubonyeze mbili. Mama haelewi, maana Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi tu, lugha yake ni Kisukuma. Alipopatikana mshauri, alikuwa mpole kwa kweli, lakini ilibidi aanze na fomu: jina, umri, elimu, mkoa. Kisha akawa anapekua makaratasi kutafuta hospitali iliyo karibu nasi. Mimi natafsiri huku na huku, kijana anapiga kelele ndani. Mwisho tulimpakia kwenye bodaboda, mshikaki, mmoja mbele mmoja nyuma, tukampeleka wenyewe. Alhamdulillahi, alipona.

Huko ndiko tulikoelezwa jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua. Mtu aliyezoea pombe kali kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege katika siku mbili za mwanzo, kisha akaanza kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Kijana yule hakuhitaji kufungiwa wala kuaguliwa, alihitaji daktari.

Basi mdogo wangu, kazi ya utafiti wako ipo hapo hapo. Mashine ingekuwa inasikiliza pembeni, ingeyashika maneno matatu, "ameacha juzi", "anatetemeka", "anaona wadudu", ikamwonyesha mshauri alama nyekundu: huyu apelekwe hospitali sasa hivi. Ingeijaza fomu yenyewe, mshauri akabaki na kazi ya kusikiliza. Ingemtajia kituo cha afya kilicho karibu na Shishiyu bila kupekua chochote. Na mshauri mgeni angeweza kujifunzia kwa mpigaji wa kuigiza kabla hajakutana na mama wa kweli.

Kazi zote hizo zinafanyika nyuma ya mshauri. Ninachokiogopa ni mashine kuwekwa mbele ya mama, ajibiwe na programu badala ya mtu. Na kishawishi ni kikubwa, kwa kuwa mashine hailali wala haidai mshahara. Mwaka 2023 shirika la NEDA la Marekani, linaloshughulika na maradhi ya ulaji, lilifunga simu yake ya msaada. Likabaki na programu ya kuchati iitwayo Tessa. Haikupita muda Tessa ikakutwa inawashauri watu wenye maradhi hayo namna ya kupunguza uzito! Ikabidi iondolewe.

Jengine ni sitara. Mama akipiga simu ya mwanawe mlevi, anaitoa aibu ya nyumba yake. Sisi tumelelewa kuwa siri ya mtu ni amana. Januari 2022 ilijulikana kuwa Crisis Text Line, huduma ya Marekani ya kuwasaidia kwa ujumbe wa simu watu walio katika dhiki, ilikuwa ikiipa kampuni ya biashara mazungumzo ya watu hao. Walijitetea kuwa majina yameondolewa na kwamba wenyewe waliridhia masharti. Jamani, mtu aliye kwenye dhiki anasoma masharti? Watu walikasirika, na mpango huo ukasitishwa. Kwa hiyo dada, kabla hujakusanya sauti za kina mama, jiulize nani atazihifadhi, na zitafutwa lini.

Utaniambia washauri ni wachache, afadhali mashine kuliko simu isiyopokewa. Ni kweli, silipingi hilo. Saa tisa za usiku mashine inayosema "mpelekeni hospitali" ni bora kuliko mlio mtupu. Lakini iseme wazi kuwa yenyewe ni mashine, itaje lile la hatari, kisha binadamu apige kumtafuta yule mama.

Namba za bure tunazo. Mamlaka yetu ya kudhibiti dawa za kulevya ina 119, na majirani zetu Kenya wana 1192 ya NACADA, usiku na mchana. Lakini simu ni mlango tu, lazima ijue chumba kilicho nyuma yake. Kwetu Unguja tuna nyumba za upataji nafuu tangu 2009, na methadoni pale Kidongo Chekundu. Methadoni ni kwa waliozama kwenye heroini, haimtibu mlevi wa gongo. Mashine iliyofundishwa kwa visa vya mjini peke yake itamwelekeza vibaya kijana wa Shishiyu. Na iliyofundishwa Kiswahili cha redioni haitamsikia mama yake kabisa, wakati Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania.

Kwa hiyo jawabu langu ni ndiyo, soma, na mimi nitakuombea. Ila kabla hujaandika sura ya kwanza, njoo huku kwanza. Jifunze kusema "mwangaluka" asubuhi. Kaa na yule mama, umuulize usiku ule alitaka kusikia nini kwenye simu. Mimi nilimuuliza. Alisema alitaka mtu amwambie kuwa mwanawe hajarogwa, na kwamba bado kuna wakati.

Mungu awape shifaa waraibu wetu wote, wa unga na wa gongo, na awape subira mama zao.