Tusiseme "ni uzee tu"

Liko neno moja ambalo limezoeleka mno katika vijiji vya Mbekenyera, na bila shaka katika vijiji vingi vya mkoa wetu wa Lindi. Mzee akilalamika kwamba mwili unamwasha usiku kucha, huambiwa, "Ni uzee tu." Akionyesha nyayo zilizopasuka hata zikatoa damu, jibu huwa ni lile lile. Akiwa na baka mgongoni ambalo halimwashi wala halimuumi, hakuna hata mmoja anayemwuliza habari zake. Neno hili husemwa bila nia mbaya. Hata hivyo, hatuna budi kusema wazi kwamba limekwisha kuwaponza wazee wengi.

Hatukatai kwamba ngozi nayo huzeeka. Kadiri umri unavyosonga mbele, ngozi huwa nyembamba, mafuta yake ya asili hupungua, na kidonda huchukua muda mrefu zaidi kupona. Wakati wa kiangazi, upepo mkavu unapovuma na maji kuwa ya shida, ngozi ya namna hiyo hukauka, huwasha na kupasuka. Lakini ukavu huo una dawa yake, nayo si ya gharama kubwa. Mzee aoge kwa maji ya uvuguvugu badala ya maji ya moto sana, asijisugue kwa sabuni kali ya kufulia, na apakwe mafuta ya mgando au ya nazi mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Akiwashwa hasa nyakati za usiku, na watoto wa nyumba hiyo nao wakijikuna, basi huo yumkini ni upele. Upele haumalizwi kwa kumtibu mtu mmoja. Nyumba nzima hutibiwa kwa pamoja, na nguo na matandiko yakafuliwa.

Aidha, wazee wa Mbekenyera ni wakulima. Mama mzee anayebangua korosho kwa mkono hukutana na utomvu wa ganda lake, ambao una asidi inayounguza ngozi na kuiacha nyeusi na yenye malengelenge. Mzee anayepuliza salfa kwenye mikorosho ili kuzuia ubwiriunga hurudi nyumbani akiwa na vumbi lake shingoni na machoni. Huo nao si uzee. Ni madhara ya kazi. Glavu, au walau mafuta ya kula au majivu yaliyopakwa mikononi kabla ya kubangua, nguo ya mikono mirefu, na kuoga mara baada ya kupuliza, ni mambo yanayowezekana hata kwa mwenye kipato kidogo.

Lakini jambo linalotushughulisha zaidi ni lile baka lisilouma. Mwaka 2006 taifa letu lilifikia kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, yaani chini ya mgonjwa mmoja wa ukoma kwa kila watu 10,000. Hiyo ilikuwa hatua ya kujivunia. Hata hivyo, kufikia kiwango hicho si sawa na kuumaliza ugonjwa, na Lindi imeendelea kuwa miongoni mwa mikoa ambayo ukoma bado unaonekana. Vijidudu vya ukoma huweza kukaa mwilini miaka 5, na pengine hata 20 au zaidi, kabla ya dalili kujitokeza. Ndiyo maana mtu aliyeambukizwa katika umri wa utu uzima anaweza kuona baka la kwanza akiwa amekwisha kuwa babu au bibi. Na kwa kuwa baka hilo halina maumivu, yeye na jamaa zake hulipuuza.

Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Ukoma huharibu mishipa ya fahamu. Mzee hushika chungu cha moto asihisi, hukanyaga mwiba asijue, na kidonda humla kidole pole pole. Dawa mseto huua vijidudu kwa muda wa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa, nayo hutolewa bila malipo. Lakini mishipa iliyokwisha kufa, dawa hiyo haiwezi kuifufua. Kwa hiyo kuchelewa ndiko kunakoleta ulemavu. Tena tusimsahau mjukuu anayelala chumba kimoja na babu yake: kumtibu mzee mapema ni kumkinga na mtoto pia.

Wapo watakaosema kwamba zahanati za vijijini hazina mabingwa wa ngozi. Ni kweli kwamba mabingwa ni wachache, ijapokuwa tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikiandaa wataalamu wa fani hiyo. Lakini kutambua baka la kutiliwa shaka hakuhitaji bingwa. Kipande cha pamba kikipitishwa juu ya baka hilo, na mgonjwa aliyefumba macho akashindwa kukihisi, hiyo ni dalili ya kutosha kumfanya apimwe zaidi.

Kwa hiyo tunatoa rai. Kila mzee anayefika zahanati, hata kama amekuja kwa homa au presha, atazamwe ngozi yake, hasa mgongo, mikono na nyayo. Serikali za vijiji ziwakumbuke wale wasioweza kutembea, na wahudumu wa afya wawafuate majumbani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikwisha kutambua haki ya mzee kupata matibabu. Haki hiyo haina maana ikiwa mwenye nayo haangaliwi. Na sisi watoto na wajukuu tuzitazame nyayo za wazee wetu kila juma, kwani wao macho yamefifia na migongo haiinami tena.

Mwisho, tuache kabisa kumcheka au kumtenga mwenye ukoma. Watu wengi wana kinga ya asili dhidi ya ugonjwa huo, na anayetumia dawa hukoma upesi kuwaambukiza wengine. Aibu ndiyo inayowafanya wazee wafiche mabaka yao chini ya khanga na makoti. Mikono hiyo ndiyo iliyolima, ikapanda mikorosho na kutulea. Haistahili kupotea kidole baada ya kidole kwa sababu tu hatukupenda kuitazama.