Haogopi Mungu, Atakuheshimu Wewe?

Mwezi huu yamenikuta. Mdogo wangu kaniletea mchumba, kijana wa Nairobi, mpole, ana kazi yake. Tulipokaa mezani nikamwomba atuombee chakula. Akatabasamu: "Samahani shemeji, mimi siamini kama Mungu yupo."

Jamani! Kijiko kilinidondoka. Kumbe hayuko peke yake. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 700,000 wasio na dini.

Nikamvaa mzimamzima: "Sasa wewe usiyeogopa moto wala kutarajia pepo, nini kitakuzuia usimsaliti mdogo wangu?"

Wala hakukasirika. "Shemeji, nikimsaliti ataumia, na maumivu yake ni ya kweli hata kama mbinguni hakuna mtu. Mimi mwenyewe nisingependa kutendewa hivyo, sasa nimtendee yeye kwa haki gani?" Akanitajia mwanafalsafa Mjerumani, Kant, aliyeandika mwaka 1785 kwamba kabla hujatenda jambo, ujiulize kama ungetaka liwe sheria ya watu wote. Kila mtu akivunja ahadi, nani atamwamini mwenzake?

Nilitaka kubisha, nikajikumbuka. Mume wangu wa kwanza hakukosa ibada hata siku moja. Akitoka huko, anapitia kwa nyumba ndogo. Mungu alidai anamwogopa, ila mimi hakunionea huruma.

Hata hivyo, simpi kijana ushindi wote. Akili inajua kupima, lakini inajua pia kujitetea. Uko safarini, usiku mkubwa, mtu mzuri kakaa pembeni yako, akili hiyohiyo itakunong'oneza: "Nani atajua?" Muumini angalau anakumbushwa kuwa yupo Anayeona. Nikamuuliza hilo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nitajua."

Jibu zuri, lakini linamfaa mwenye dhamira tu. Asiye nayo, hata dini haimzuii. Hilo nimelisoma ndani ya ndoa yangu.

Basi shosti, mdogo wangu nimemwambia hivi: asimpime kwa anachoamini tu. Aangalie anavyoongea na dada wa kazi, anavyolipa madeni, anavyomzungumzia mpenzi wake wa zamani.

Usiku ule nilisali, nikamwombea. Yeye alikuwa jikoni, anaosha vyombo bila kuambiwa.

Wewe je, ungempokea? Tukutane mwezi ujao!