Matumaini Hayamfai Asiyeweza Kungoja

Mtu aliyeijua Ongata Rongai mwaka 1990, akaondoka na kurejea leo, atadhani amepotea njia. Palipokuwa na malisho pamejaa nyumba za kupangisha, shule na maduka, na msururu wa matatu katika Barabara ya Magadi haukatiki hadi usiku. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi zaidi ya 170,000 mjini humo, na zaidi ya 150,000 katika Kitengela. Miji hii haikujengwa kwa amri ya mtu mmoja. Ilijengwa chumba baada ya chumba, na wengi wa wajenzi wake walikuwa watu wa mshahara, wakiwemo walimu, waliokopa katika vyama vya ushirika vya akiba na mikopo.

Hata hivyo, mwulize mwanafunzi wa chuo mjini humo kuhusu mustakabali wa nchi, naye aghalabu atakujibu kwamba nchi inazama. Sisi wa magazeti hatuwezi kuikwepa lawama hiyo. Maafa hutokea kwa siku moja, nasi huyaandika kesho yake. Maendeleo huchukua miaka ishirini na hayana siku ya kuandikwa. Mwaka 2003, utafiti wa kitaifa wa afya ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa nchini Kenya, 115 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 41. Mwaka huo huo wa 2003 karo ya shule za msingi ilifutwa, na zaidi ya watoto milioni moja wakaongezeka madarasani. (Walimu hawakuongezwa kwa kadiri hiyo, na wasomaji wetu wanalijua hilo kuliko sisi.)

Mambo haya yana uhusiano wa moja kwa moja na fedha za msomaji. Anayenunua hisa, au anayeweka akiba ya uzeeni, hununua sehemu ya kazi itakayofanywa na watu ambao leo wangali shuleni. Akiamini kwamba watoto hao wataishi, watasoma na watabuni mambo yasiyofikiriwa bado, ana sababu ya kuwekeza. Asipoamini, heri afukie fedha zake shimoni. Kwa maoni yetu, historia inamuunga mkono wa kwanza. Lakini imani hiyo peke yake haitoshi, na hapa ndipo wahubiri wengi wa uwekezaji wanapowapotosha watu.

Tukumbuke mauzo ya hisa za Safaricom mwaka 2008. Kila hisa iliuzwa kwa shilingi 5, na mamia ya maelfu ya Wakenya walijitokeza kununua, baadhi yao kwa fedha za mkopo wa benki. Mwaka uliofuata bei ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 3. Kufikia mwaka 2021 ilikuwa imepita shilingi 40, kisha mwaka 2023 ikashuka tena chini ya 15. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kukaa kimya na kupokea mgao wa faida kila mwaka. Aliyenunua kwa mkopo alidaiwa na benki wakati bei ikiwa chini, akalazimika kuuza kwa hasara. Wote wawili walikuwa na matumaini yale yale kuhusu kampuni ile ile.

Ardhi ya Kajiado inasimulia kisa hicho hicho kwa uchungu zaidi. Ranchi za jamii zilizoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968 zilianza kugawanywa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ile ya Kitengela ikawa vipande vyenye hatimiliki za watu binafsi. Familia nyingi za Wamaasai ziliuza mapema na kwa bei ndogo. Wako wanaowacheka kwamba hawakuona mbele. Huo ni uonevu. Mfugaji ambaye ukame umemwulia ng'ombe, na mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, anaweza kuona mbele vizuri kabisa na bado akauza. Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga. Hawakutuambia anakula nini wakati wa kungoja.

Wala si kila kitu hustahili kungojwa. Hisa za KenGen ziliuzwa kwa shilingi 11.90 mwaka 2006, nazo miaka ya karibuni zimewahi kuuzwa chini ya shilingi 3. Mumias Sugar, iliyoingia katika soko la hisa mwaka 2001, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Binadamu kwa jumla wanaweza kupiga hatua huku kampuni moja ikifa, na mwenye kuweka kila alicho nacho mahali pamoja atakufa nayo.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa mwalimu kijana ni kwamba kabla ya hisa na kabla ya ploti, aweke fedha za kumtosha kula na kulipa kodi ya nyumba kwa miezi kadhaa. Kwa mwanafunzi anayecheza kamari ya mpira kwa simu, tunasema kwamba kampuni ya kamari ndiyo iliyopanga hesabu ya mchezo huo, na haikuipanga ili ishindwe.

Mwalimu wa hisabati anaweza kuiandika ubaoni hesabu nyingine. Shilingi 12,000 kila mwisho wa mwaka, kwa faida ya asilimia 8 isiyoguswa, huwa takriban 1,359,000 baada ya miaka thelathini, ingawa kupanda kwa bei za bidhaa kutamega sehemu yake. Mwaka 1993 pekee bei nchini zilipanda kwa takriban asilimia 46. Mwanafunzi na aulizwe kiasi kilichopo mwaka wa ishirini. Ni takriban shilingi 549,000. Hizo ndizo atakazoondoka nazo yule ambaye dharura imemlazimisha kutoa fedha zake mwaka huo.