Wanaoicheka Vita Club wanaikata miguu Mazembe yao

GOMA, Agosti 2021 – Kicheko kimoja kinazunguka hapa tangu usajili uanze, kutoka Birere mpaka Munigi na Kanyaruchinya, na kinatembea haraka kuliko habari ya mgao wa unga. Mashabiki wa Mazembe wanahesabu kwa vidole: Fiston Mayele ameenda Yanga. Djuma Shabani ameenda Yanga. Kocha Florent Ibenge ameenda Berkane, kule Moroko. Kidole cha tatu kikifika, watu wanapasuka. Vita Club imekwisha, wanasema, msimu huu kombe linarudi Lubumbashi bila jasho.

Kwa familia zilizolala nje tangu volkano ya tarehe 22 Mei, ambako redio moja inasikilizwa na hema nne, kucheka ni dawa na hakuna wa kuwanyima watu dawa. Na jina lenyewe la timu hiyo, kwa anayesema Kiswahili na aliyekimbia Rutshuru au Beni, halina utamu. Lakini hoja iliyo ndani ya kicheko hiki ni mbovu. Na wanaoipeleka hewani kama uchambuzi wa kabumbu wanawapotosha wasikilizaji.

Kwanza, hesabu ya vidole. Mwaka jana, Agosti kama hii, vidole vilikuwa vilevile. Mukoko Tonombe, aliyekuwa anashika katikati ya uwanja, aliondoka kwenda Yanga. Tuisila Kisinda, winga mwenye mbio, akamfuata. Jean-Marc Makusu, mfungaji wao, akaenda Orlando Pirates ya Afrika Kusini. Kwa hesabu ya namna hiyo Vita ilipaswa kufa mwaka jana. Msimu ulipofika mwisho, nani alibeba kombe la Linafoot? Vita. Nani alikuwa nyuma yake? Mazembe, yenye uwanja wake Kamalondo na yenye mfuko wa Moïse Katumbi. Anayecheka leo kwa sababu ya majina yaliyoondoka aeleze kwanza jambo hilo, ndipo aendelee.

Mashabiki wa Mazembe ndio wangepaswa kuwa watu wa mwisho duniani kupima timu kwa jina la aliyekosekana. Mwaka 2010 FIFA ilimfungia Trésor Mputu mwaka mzima baada ya fujo na mwamuzi katika mashindano ya Kagame, Kigali. Mputu wakati ule alikuwa Mazembe yote, hivyo ndivyo watu walivyosema. Bila yeye, timu ilibeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika mara ya pili mfululizo. Ikaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la klabu, ikaitoa Pachuca ya Meksiko, ikaipiga Internacional ya Brazili 2-0 kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka, Kidiaba akaruka kwa makalio mbele ya dunia nzima. Ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ile. Inter ya Milano iliwafunga 3-0 mwishoni, sawa. Lakini kabla ya kuondoka Lubumbashi, kama kikosi kingepimwa kwa orodha ya waliokosekana, nani angewapa hata nusu fainali?

Basi kikosi cha Vita kipimwe kama kikosi. Pigo kubwa ni benchi. Wachezaji wanaondoka Vita kila mwaka na wengine wanaingia, huo ni mwenendo wa pale tangu zamani. Ibenge alikuwa pale tangu 2014. Alifika nao fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka uleule, wakatoka sare mara mbili na Sétif ya Algeria na kukosa kombe kwa bao la ugenini. Mwaka 2018 akafika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakalala 3-0 Casablanca, wakashinda 3-1 Kinshasa, wakakosa tena kwa bao moja. Mtu wa namna hiyo anajua kijana yupi wa Kinshasa anaweza kuingia badala ya nani, na lini. Ujuzi huo haununuliwi mwezi wa Agosti. Anayesema Vita itayumba mwanzoni mwa msimu kwa sababu ya kocha, huyo amesema neno la mtu anayeangalia mpira.

Pigo la pili ni upande wa kulia. Djuma Shabani alikuwa beki, lakini mashambulizi mengi ya Vita yalianzia miguuni mwake. Akiondoka, winga wa mbele yake anabaki peke yake na timu nzima inainama kushoto. Mpinzani mwenye akili ataliona jambo hilo ndani ya dakika kumi. Mayele ni habari nyingine. Mfungaji anauma akienda, ndiyo, lakini Kinshasa haijawahi kukauka wafungaji, na Vita imezoea kuwatafuta upya. Glody Makabi Lilepo, ambaye wachekaji hawamtaji kwa sababu hajaondoka, anaweza kuisumbua ngome yoyote ya nchi hii akipewa mpira kwenye nafasi. Kwa kifupi ni timu yenye matundu mawili makubwa na mengine ya kuzibika. Hiyo si maiti.

Lakini hata kama ingekuwa maiti, nani alimwambia shabiki wa Mazembe kwamba kaburi la Vita ni ngazi yake?

Msikilizaji achukue kalamu, kama watoto hawajaichukua. Mwaka 2010 Mazembe ilipotawala Afrika, ubingwa wa Congo ulikuwa wa nani? Wa Vita Club. Mwaka 2015 Mazembe ilipochukua tena Ligi ya Mabingwa kwa kuifunga USM Alger nyumbani na ugenini, bingwa wa Congo alikuwa nani? Vita Club tena. Na mwaka 2014, Vita na Mazembe walipangwa kundi moja la Afrika pamoja na Zamalek ya Misri na Al-Hilal ya Sudani, na waliotoka hai kwenye kundi hilo ni Wakongomani wawili. Wote wakafika nusu fainali. Miaka mizuri ya Mazembe ni miaka ambayo Vita ilikuwa inaiuma kisigino. Timu inayokimbizwa nyumbani inajua kukimbia ugenini. Timu inayoshinda nyumbani 4-0 kila Jumapili, ikifika Kairo au Casablanca inashangaa kuona kwamba beki wa kule naye ana mapafu.

Ushahidi wa upande wa pili ni wa juzi tu. Katika Ligi ya Mabingwa ya msimu uliokwisha, Vita imetolewa kwenye makundi na Mazembe imetolewa kwenye makundi. Wote wawili. Mwezi wa Februari Simba ilikuja mpaka uwanja wa Martyrs, Kinshasa, ikaondoka na ushindi wa 1-0 kwa penalti. Aliyeipiga ni Chris Mugalu, Mkongomani. Mwezi wa Aprili, Dar es Salaam, Vita ikapigwa 4-1. Mashabiki wengi wa Mazembe walishangilia siku ile, eti adui ameanguka. Walikuwa wanashangilia nyumba ya jirani inaungua, na nyumba ni za mbao, na ukuta ni mmoja. Wakaaji wa Goma hawahitaji kufundishwa moto unavyoruka kati ya nyumba za mbao.

Miaka kumi iliyopita, kijana wa Dar es Salaam aliyetaka kukua katika mpira alipanda kuja Lubumbashi. Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 akaja Mazembe, Thomas Ulimwengu akaja pia, na mwaka 2015 Samatta alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza ndani ya bara. Alikulia kwenye ligi ya Congo. Leo njia ileile inapitwa kwa upande wa pili. Mukoko, Kisinda, Djuma, Mayele, wote wameelekea Dar es Salaam. Yanga ina GSM nyuma yake, Simba ina Mohammed Dewji. Watu wa kule wameamua kwamba mpira unalipwa, na unalipwa kwa tarehe. Kisinda mwenyewe sasa ametoka Yanga na kwenda Berkane, ambako Ibenge anamngoja. Maana yake ni kwamba Yanga imemtumia mwaka mmoja na kumuuza. Faida hiyo ya kuuza Mkongomani imeliwa Dar.

Hapo ndipo mashabiki wa timu zote mbili wangepaswa kupiga kelele, na hapo ndipo kuna kimya. Mazembe nayo ilimwachia Jackson Muleka aende Standard ya Ubelgiji mwaka jana. Kwenda Ulaya kunaitwa sifa na kwenda Tanzania kunaitwa aibu, lakini ligi inayobaki nyuma ni ileile moja, na inapungua kwa mkono huu na kwa mkono ule. Klabu inayosimama kwa mfuko wa mtu mmoja inalala siku mtu huyo akiumwa kichwa. Vita sasa iko mikononi mwa mama Bestine Kazadi, mwanamke wa kwanza kuiongoza, na kuna wazee wanaocheka kwa sababu hiyo tu. Wazee hao waulizwe hesabu za fedha za wanaume waliomtangulia ziko wapi, na za Mazembe ziko wapi, na ni shabiki gani katika nchi hii aliyewahi kuonyeshwa karatasi moja ya mkataba au ya mauzo ya mchezaji.

Kwa nini jambo hili liwahusu watu waliopoteza nyumba Buhene, au walioambiwa tarehe 27 Mei waondoke Goma wakatembea mpaka Sake na hawajapata pa kurudi? Kwa sababu watoto wao wanacheza. Kila jioni, juu ya mawe meusi yanayokata miguu, kuna mpira wa mifuko na kamba, na kuna mtoto mmoja au wawili ambao hata mama anayepita na kidumu cha maji anasimama kuwaangalia. Ngazi ya mtoto huyo inaanzia timu ya mtaa, inapita timu za mji, na juu yake kuna Linafoot. Maniema Union ya Kindu imeonyesha kwamba timu ya mashariki inaweza kukaa meza moja na wakubwa. Lakini wakubwa wakiwa vifusi, kukaa nao meza moja kuna faida gani? Ligi ikibaki na timu moja tu inayotisha, wanunuzi hawaji kuiangalia, televisheni hailipi, na mtoto wa Munigi atasubiri wakala wa mfukoni atakayemwahidi Dar es Salaam kwa dola za baba yake.

Kuna na vijana wa kambini wanaokwenda kuweka franga kwenye pari kwa kuamini kwamba Vita ni mteremko. Franga hizo zilikuwa za sabuni. Mchambuzi aliyewaambia hivyo redioni hatakuwepo siku ya kuwarudishia.

Kicheko chenyewe nacho kina historia yake. Tarehe 11 Mei 2014, mechi ya Vita na Mazembe katika uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa, iliharibika, watu wakakanyagana, na wasiopungua 14 hawakurudi nyumbani. Hawakuuawa na kikosi cha mtu. Walikufa ndani ya hasira iliyopikwa kwa maneno siku nyingi kabla, maneno ya "wale si kitu, wale wamekwisha". Kambi ambayo watu wanagombania maji tangu saa kumi na moja asubuhi haina nafasi ya kugombania na rangi za jezi.

Mwaka 2016, pale Kigali, Leopards walibeba CHAN kwa kuifunga Mali 3-0. Mabao yalikuwa ya Meschack Elia na Jonathan Bolingi, vijana wa Lubumbashi. Kwenye benchi alikuwa Florent Ibenge, kocha wa Vita. Siku ile hakuna aliyeuliza huyu ni wa nani na yule ni wa nani.

Shabiki wa Mazembe anayetaka kuipima Vita ya msimu huu aache vidole. Aangalie mechi tano za kwanza: nani anacheza beki wa kulia, kocha mpya anapewa siku ngapi kabla ya kufukuzwa, na kama wachezaji wanaingia mazoezini au wanagoma kwa sababu ya mishahara. Halafu ageuze macho na kuuliza maswali hayohayo matatu juu ya Mazembe.