Njiwa Washuke Kwenye Bati



Leo nataka tuzungumze habari za njiwa. Sisemi njiwa pori wanaolia mashambani. Nasema njiwa wa kufugwa, ambao watu wa pwani huwaita njiwa manga. Hapa Karagwe na Kyerwa utawaona mijini na vijijini. Wengi wanakaa juu ya nyumba, na wanalala chini ya ukingo wa bati.

Mimi pia nafuga njiwa. Watoto wangu wanawapenda, na mimi nawapenda. Basi maneno haya si maneno ya adui wa njiwa.

Maoni yangu ni haya. Njiwa ni mfugo mzuri. Lakini asikae juu ya bati tunalokingia maji ya kunywa. Tumjengee nyumba yake.

Maji yetu yanatoka wapi?

Nchi yetu ni ya milima. Nyumba nyingi ziko juu, na chemchemi ziko bondeni. Mama anateremka na ndoo tupu. Anapanda na ndoo ya lita 20 kichwani. Akifika nyumbani amechoka, na kazi ya kibanja bado inamngoja.

Kwa sababu hiyo watu wengi wamejifunza kukinga maji ya mvua. Wameweka gata kwenye bati. Wamejenga matenki. Hili ni jambo la maendeleo.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua nyumba ambayo paa lake limefunika mita 8 kwa mita 5. Hizo ni mita za mraba 40. Mvua ya milimita 10 ikinyesha, paa hilo hupokea lita 400 za maji. Gawanya kwa 20. Utapata ndoo 20. Mvua moja imemwokoa mama safari 20 za bondeni. Bati ni kisima chetu.

Sasa jiulize. Kama kisima kingekuwa chini, je, ungekubali ndege waingie humo na kuacha kinyesi? Ungekataa. Basi kwa nini tunakubali juu ya bati?

Wakati wa kiangazi kinyesi cha njiwa hukauka juu ya bati. Hujaa ndani ya gata pamoja na manyoya. Mvua ya kwanza ikinyesha, vyote huoshwa na kuingia tenkini. Kinyesi hicho kinaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta kuhara. Maji yanaonekana meupe, lakini si salama.

Yaliyonipata mimi

Miaka michache iliyopita mtoto wangu mdogo alishikwa na kuhara. Ilikuwa mwanzo wa mvua za vuli. Siku ya pili macho yalikuwa yameingia ndani, na alikuwa hana nguvu ya kulia. Tulimpeleka kwenye zahanati, akatibiwa, akapona.

Mhudumu wa afya aliniuliza, "Mnakunywa maji gani?" Nikajibu kwa fahari, "Maji ya tenki." Akauliza tena, "Mnayachemsha?" Nikanyamaza. Akauliza, "Juu ya bati kuna nini?" Hapo nikaona aibu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu usafi wa maji.

Nilirudi nyumbani nikapanda ngazi. Niliyoyaona ndani ya gata sitayaandika hapa. Msomaji anaweza kupanda ngazi ya nyumba yake akajionea.

Sisemi kwamba njiwa peke yao walimwuguza mtoto. Sina hakika. Huenda ni mikono michafu, au chakula kilichoingia nzi. Lakini najua kwamba yale maji hayakufaa kunywewa bila kuchemshwa. Na mimi baba wa nyumba ndiye niliyewaacha njiwa pale.

Je, njiwa wakihamishwa wataondoka?

Nilipoeleza jambo hili katika darasa la kisomo, mzee mmoja alisimama. Alisema, "Mwalimu, njiwa ni baraka. Njiwa hawakai kwenye nyumba ya ugomvi. Ukiwaondoa kwenye nyumba yako, unaondoa amani."

Namheshimu mzee wangu. Nami naitaka amani nyumbani. Lakini nimewatazama njiwa kwa muda mrefu. Nimewaona wakihama nyumba ya watu wapole sana, kwa sababu paka alikuwa akiwawinda usiku. Nimewaona wakikaa nyumba ya makelele, kwa sababu kulikuwa na mtama kila asubuhi. Njiwa hahami ugomvi. Anahama njaa, na anahama hatari. Ukimpa chakula, maji na mahali salama, atakaa. Baraka itakuwa uani badala ya kuwa juu ya bati.

Kijana mmoja naye alisema, "Basi tuwachinje wote, yaishe." Huyo naye simkubalii. Njiwa ni kitoweo kizuri na anauzika. Kinyesi chake ni mbolea. Tena humfundisha mtoto kutunza kiumbe. Tusitupe mali kwa sababu tumeiweka mahali pabaya.

Nyumba ya njiwa

Nyumba ya njiwa haihitaji fedha nyingi. Mbao chache za mkaratusi au za msindano zinatosha. Hata kasha la zamani linafaa. Fuata mambo haya:

1. Ijengwe mbali na nyumba ya kulala, mbali na tenki na mbali na jiko.

2. Isimame juu ya nguzo, kimo cha mtu au kuzidi kidogo. Zungushia nguzo kipande cha bati kuukuu. Paka na panya watateleza.

3. Kila jozi ipate chumba chake. Upana, urefu na kimo viwe kama sentimita 30 au zaidi. Vyumba viwili kwa kila jozi ni bora, kwa maana jike huweza kutaga tena kabla makinda hayajaondoka.

4. Mlango uelekee upande usiopigwa sana na mvua. Paa lisivuje.

5. Isafishwe kila juma. Nyunyiza maji kwanza ili vumbi lisiruke, na ujifunge kitambaa puani. Vumbi la kinyesi ni baya kwa mapafu. Kinyesi kichanganywe na majani na kuozeshwa, kisha kipelekwe kwenye migomba.

Chakula na uzazi

Njiwa mkubwa hula kama gramu 30 hadi 40 za nafaka kwa siku. Mpe mtama, ulezi au chenga za mahindi. Mwekee vijiwe vidogo na maganda ya mayai yaliyopondwa. Maji yawe safi na yabadilishwe kila siku. Usimpe nafaka yenye ukungu.

Usiseme, "Njiwa wangu watajitafutia." Watajitafutia wapi? Watakwenda kwenye mkeka wa jirani anayeanika mtama wake. Hapo ndipo ugomvi huanza. Anayefuga bila kulisha anafugiwa na jirani.

Jike hutaga mayai mawili. Dume na jike hulalia kwa zamu, kwa siku 17 hadi 19. Dume hulalia mchana, na jike hulalia usiku. Siku za kwanza makinda hulishwa kitu kama maziwa kinachotoka katika gole za wazazi wote wawili. Baada ya wiki nne au tano makinda huweza kuruka. Sisi akina baba tujifunze hapo. Njiwa dume hamwachii mama kazi yote.

Usichanganye vyombo vya njiwa na vya kuku. Njiwa anaweza kupata mdondo na kuupeleka kwa kuku. Ukiona njiwa anapinda shingo, anazungukazunguka au haruki, mtenge na umwite afisa mifugo.

Namna ya kuwahamisha

Njiwa hupenda nyumba yake ya zamani. Ukimbeba tu na kumwacha, atarudi juu ya bati. Fanya hivi.

Kwanza maliza kujenga nyumba mpya. Kisha wakamate njiwa usiku, wakati hawaoni vizuri. Watie ndani na ufunge kwa wavu, ili waone nje lakini wasitoke. Wape chakula na maji humo kwa muda wa wiki tatu au nne. Siku ya kuwafungua, fungua jioni, kabla hawajala. Wataruka kidogo, kisha watarudi kula. Katika siku hizo ziba mashimo yote chini ya bati la nyumba yako. Usimwage nafaka tena mlangoni pa nyumba. Chakula kiwe kwenye nyumba yao tu.

Mimi nilihamisha njiwa 12. Wawili walirudi juu ya bati mara nyingi. Niliwakamata tena, nikawafungia tena. Sasa wametulia.

Baada ya hapo panda ngazi ufagie bati na gata. Mvua ya kwanza iache imwagike nje, isiingie tenkini. Funika tenki. Lakini hata hivyo maji ya kunywa yachemshwe. Ndege wengine bado wanapita juu, na mijusi pia.

Tumia kalamu yako

Wazee wetu husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wewe umejifunza kusoma na kuandika. Usiiache kalamu darasani. Chukua daftari uandike: njiwa wangapi, mayai mangapi, makinda mangapi, waliouzwa wangapi, nafaka kilo ngapi.

Kwa mfano, njiwa 10 wakila gramu 35 kila mmoja, kwa siku ni gramu 350. Kwa siku 30 ni gramu 10,500, yaani kilo 10 na nusu. Ukijua hivyo utajua ufuge wangapi. Kama nafaka yako inatosha njiwa 10, usifuge 40.

Neno la mwisho

Wazee wanakumbuka mwaka 1973. Nchi yetu ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma, wakajadiliana. Lakini hawakuishia hapo. Walichukua majembe wakachimba vyoo. Ndiyo maana kampeni ile inakumbukwa mpaka leo.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Kusoma habari za njiwa hakutamponya mtoto. Kupanda ngazi na kufagia bati kutasaidia. Kujenga kibanda kutasaidia. Mama anapomwekea mtoto kikombe cha maji, hana njia ya kuona kilicho juu ya paa. Anatuamini sisi tuliolipanda. Tusimwangushe.

Njiwa tuwapende, lakini washuke kwenye bati.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Nyumbani kwako maji ya kunywa yanatoka wapi? Ni nani anayeyaleta?

2. Mwandishi anasema njiwa hahami ugomvi. Wewe unakubali? Eleza sababu zako.

3. Paa lako limefunika mita ngapi kwa ngapi? Mvua ya milimita 10 ingekupa ndoo ngapi za lita 20?

4. Njiwa wa jirani wanakula mtama wako uliouanika. Utamwambiaje jirani yako bila kugombana naye?