Kijana wa Mtwapa na gitaa lake la pili

Swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na vijana wa hapa Mtwapa ni moja tu: "Mjomba, nimeweka akiba kidogo, sasa ninunue gitaa gani?" Muulizaji huwa tayari analo gitaa la mti, kuukuu, alilouziwa na rafiki. Sasa anataka jingine. Mmoja ataka la umeme apate kuingia katika bendi, mwingine ataka la nyuzi kumi na mbili kwa kuwa amemwona mtu akilipiga likamvutia. Jibu langu huwakera. Huwaambia: gitaa unalo, sasa tafuta udi.

Sisemi hivi kwa kulichukia gitaa. Gitaa si mgeni katika pwani yetu. Fundi Konde, Mgiriama aliyefariki mwaka 2000, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulipiga gitaa la umeme. Wimbo wa Jambo Bwana wa Them Mushrooms ulitoka mwaka 1982 na ukazunguka dunia nzima pamoja na watalii. Na bango, muziki ambao Joseph Ngala hutajwa kuwa mwanzilishi wake, hauchezeki bila gitaa. Kijana anayetafuta riziki ya mahoteli na vilabu ana haki ya kununua gitaa la pili, hata la tatu. Mtwapa ya leo, kwa vilabu vyake vya usiku, haitakosa wapiga gitaa.

Penye upungufu ni kwingine. Juma Bhalo wa Malindi alifariki mwaka 2014. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeifanya Mombasa kuwa kwao na ambaye vidole vyake juu ya udi vilijulikana mpaka Ulaya, alifariki mwaka 2016. Mwenyezi Mungu awarehemu. Nenda leo kwenye harusi yoyote baina ya Mtwapa na Kilifi utazame kilichoshika nafasi yao: kinanda cha umeme juu ya meza, maspika mawili makubwa, na mtu mmoja anayebonyeza kifungo ngoma zikalia zenyewe. Nyimbo ni zile zile, lakini sauti zilizokuwa ndani yake zimepotea. Si udi tu uliotoweka, hata fidla haionekani tena.

Wako watakaouliza, kwani kuna tofauti gani? Uzi si uzi? Tofauti ipo, na anayetaka kuijua amsikilize msomaji hodari wa Qur'ani anapoanza kusoma. Mara nyingi huanza kwa maqamu ya Bayati. Ile sauti ya pili anayoipanda haimo katika gitaa. Shingo ya gitaa imekatwa kwa vyuma vidogo, na kutoka chuma hadi chuma ni nusu sauti kamili. Sauti ya Bayati imekaa katikati ya vyuma viwili, kwenye robo, na vivyo hivyo sauti ya tatu ya Rast. Udi hauna vyuma. Kidole huenda popote sikio linapokituma.

Lakini tusilidhulumu gitaa. Hijazi lapigika ndani yake bila taabu, Nahawandi pia, na Ajam ndiyo ile ngazi ya Kizungu yenyewe. Tabu ni Rast, Bayati, Sika na Saba. Mpiga gitaa hodari ataweza kuusukuma uzi kwa kidole mpaka upande robo, lakini hiyo ni kazi ya kubahatisha. Ama vinanda, viko vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu vyenye vifungo vya kushusha robo. Hivi nivisikiavyo harusini kwetu karibu vyote ni vya kawaida, na mwimbaji analazimika kuikunja sauti yake ifuate kinanda. Hilo ndilo linaloniuma. Mtoto anayekulia katika harusi hizi atafika utu uzima akidhani kwamba Zein l'Abdin alikuwa akipiga nje ya sauti.

Kabla kijana hajatoa hata senti, naomba ajaribu jambo moja. Gitaa la kawaida, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba, hulinganishwa hivi: mi, la, re, sol, si, mi. Udi wa Kiarabu, katika ulinganishaji mmoja utumikao sana, huwa hivi: do, fa, la, re, sol, do. Tazama jinsi zilivyokaribiana. Legeza nyuzi mbili za juu na mbili za chini kwa nusu sauti nne nne, na zile mbili za katikati kwa nusu sauti tano tano, na gitaa lako litakuwa limeshika sauti za udi zile zile hasa. Nyuzi zitalegea na kugongagonga vyuma, kwa hiyo tia nyuzi nene zaidi. Kisha kaa na rikodi za wazee, uzifuate polepole. Wakongo walituonyesha kitambo kwamba kugeuza nyuzi ni kama kupata ala mpya: waliutoa uzi wa nne, wakatia mahali pake uzi mwembamba unaolia oktava moja juu, na hilo ndilo gitaa waliitalo mi-composé, linalojaza pengo baina ya gitaa la solo na lile la ridimu.

Hatua ya pili haihitaji pesa nyingi pia, inahitaji ujasiri. Chukua lile gitaa kuukuu umpelekee fundi seremala mwenye mkono mwepesi. Avitoe vyuma vyote shingoni, azibe mianya kwa vipande vyembamba vya mbao, kisha apige msasa pawe laini. Mturuki Erkan Oğur alitengeneza gitaa lisilo na vyuma mwaka 1976, na kwa gitaa hilo akapiga maqamu za kwao bila kizuizi. Mwanzoni utapiga vibaya. Sikio litakuaibisha wiki kadhaa, halafu litaanza kukuongoza.

Ziko ala nyingine zinazostahili kutajwa. Tashkota, ile ya vifungo kama vya mashini ya kupiga chapa, ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, na safari yake mpaka taarabu ya Mombasa ni hadithi ya peke yake. Aliyeusikia muziki wa Zuhura Swaleh anaijua sauti yake kali. Ni nyepesi kujifunza, ila nayo ina vyuma, kwa hiyo robo hutaipata. Gambusi lilikuja kutoka Yemen. Huchongwa katika gogo moja la mti na kuwambwa ngozi usoni, na ndugu zake wako Ngazija, wako Bukini, wako mpaka Malaysia na Indonesia. Lamu walikuwa nalo la kwao, kibangala. Seremala wa Kilifi anayechonga mtumbwi naamini angeweza kuchonga gambusi, akipata mtu wa kumwagiza na mfano wa kuutazama.

Sasa nifike palipo na uzito. Wazazi wengi hapa hawataki kusikia habari ya nyuzi nyumbani, nao wana hoja. Wanazuoni wengi, na wengi wa madhehebu yetu ya Shafi wakiwemo, wamezikataza ala za nyuzi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliruhusu mengi katika usikilizaji lakini nyuzi na zumari akazitoa, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni kuwa hizo zilikuwa alama ya vikao vya walevi. Ibn Hazm kabla yake aliona hapana katazo lililothibiti. Mimi si mufti, na anayeshika kauli ya kukataza namheshimu. Nisemalo ni hili: mzazi anayemkataza mwanawe udi, kisha akakodi kinanda na maspika kwa harusi ya bintiye, hajashika kauli ya imamu yeyote. Na tukiitazama hiyo sababu ya Ghazali, gitaa ndilo linalolia Mtwapa usiku kucha penye chupa. Udi siusikii huko.

Kwa mwenye nia, mlango wa kusomea uko Unguja. Chuo cha Dhow Countries Music Academy kilifunguliwa mwaka 2002 katika Mji Mkongwe, na wanafunzi wake, wanaume kwa wanawake, wamefundishwa udi, kanuni na fidla. Mwaka 2022 UNESCO iliitia sanaa ya kutengeneza na kupiga udi katika orodha yake ya urithi, kwa ombi la Iran na Syria. Sisi pwani, ambao tumeupiga miaka mingi, hatukuwamo katika ombi hilo. (Jina lenyewe kwa Kiarabu maana yake ni mti tu, na ndiyo sababu tunaita udi hiki cha kupiga na kile cha kufukiza.)

Ukipata wa kununua, usiharakie nakshi. Udi huwa na nyuzi kumi na moja kwa kawaida, jozi tano na mmoja wa peke yake. Kaza zote, uuache saa nzima, kisha usikilize tena: vigingi vikiteleza utachoka nao. Tazama shingo kwa jicho moja kama atazamavyo seremala ubao, maana iliyopinda hainyooki kwa urahisi. Pitisha mkono tumboni, pale mbavu nyembamba za mbao zinapokutana, kwani nyingi hutengenezwa katika nchi kavu na joto letu la unyevu hulegeza gundi. Ukiuona ufa hapo, mrudishie mwenyewe, hata akikupunguzia nusu ya bei.