TAHARIRI: RACHETI SI NYUNDO



Wote mnakumbuka mashine yetu ya kusaga iliposimama siku tatu wakati wa mavuno. Mama zetu walijitwika madebe ya mahindi kwenda kusaga kijiji cha jirani, na fedha ambayo ingeingia katika mfuko wetu ikaingia katika mfuko wa wenzetu. Fundi wetu kijana naye alichubuka vidole hadi mfupani. Halafu mkutanoni wengine wetu tukasimama tukasema, "Kijana mzembe huyu, akatwe posho!" Leo tunaandika kusema kwamba tulihukumu upesi mno.

Chanzo kilikuwa racheti. Kwa wasioijua, ni ule mpini unaovalishwa boksi la kufungulia nati, unaolia ka-ka-ka ukiurudisha nyuma. Ndani ya kichwa chake mna gurudumu dogo la meno, ulimi wa chuma unaokamata meno hayo, na springi inayousukuma ulimi. Ukivuta, ulimi unakamata. Ukirudisha, unaruka juu ya meno. Hakuna uchawi mwingine. Lakini meno yakimeguka, au ulimi ukigandishwa na uchafu, siku unayovuta kwa nguvu zote mpini unateleza ghafla na mkono unakwenda kugonga chuma. Ndivyo alivyoumia kijana. Boksi likachomoka kwa upande likaila nati pembe, ikabidi nati ikatwe kwa tindo na nyingine ifuatwe mjini. Siku tatu zikaenda.

Tulipofungua kichwa cha racheti ile tulikuta meno mawili yamemeguka, na grisi nzito nyeusi iliyokorogeka na vumbi la unga. Sasa tuulizane kwa haki: nani aliyamegua? Jamani, ni sisi. Nati za tela zilipogoma, tulichomeka bomba la maji kwenye mpini, watu wawili wakaning'inia, na nati ilipolegea tukashangilia. Hesabu yake ni hii. Mpini wa racheti yetu una sentimita 25. Ukiongeza bomba hata ufike mita 1, mkono ule ule unapeleka nguvu mara 4 kwenye vile vijino. Tena wapo wanaoitumia kugongea misumari. Racheti si nyundo! Wala haikuundwa kuanzia nati iliyoshika kutu. Nati ngumu huanzwa kwa mpini mrefu usio na meno ndani. Ikishalegea, ndipo racheti inamalizia kwa haraka.

Katika mkutano imependekezwa tutupe hii tununue seti mpya ya bei poa inayong'aa kule mnadani. Sisi tunasema, tusidanganywe na mng'aro. Rahisi ghali. Anayekwenda kununua aipime kwa mkono na sikio:

Kwanza, aishike kichwa na kuutikisa ule mraba unaovaa boksi. Ukicheza sana, aiache.

Pili, aizungushe nyuma taratibu. Mlio uwe sawasawa, jino kwa jino. Ikiruka mlio, ina kasoro. Tena irudi kwa wepesi. Ikiwa nzito itarudi na nati badala ya kuiacha.

Tatu, ageuze kiswichi cha kufunga na kufungua mara nyingi. Kisijigeuze chenyewe, wala kisikae katikati.

Nne, avalishe boksi na kutazama kama ile gololi inalishika lisianguke.

Tano, akiruhusiwa, afunge boliti kwenye jiliwa na kuvuta kwa nguvu za mkono, pande zote mbili. Isiteleze hata mara moja.

Sita, aulize kama vipuri vya ndani vinauzwa. Hili ndilo kubwa. Racheti ambayo gurudumu, ulimi na springi vinabadilishwa itatuzika, kama si kutuzikia wajukuu.

Msibabaishwe na wauzaji wanaosifia wingi wa meno. Yenye meno 36 inahitaji nyuzi 10 ili ishike jino linalofuata. Ya meno 72 inahitaji nyuzi 5 tu, nayo inafaa mahali pa kubana. Kwa injini yetu yenye nafasi tele, 36 yanatosha kabisa.

Kutunza nako si kazi ya mtaalamu. Ukimaliza kazi, ifute. Isilale nje na umande. Mara kwa mara ifunguliwe juu ya kitambaa cheupe, maana springi na gololi vikiruka havionekani tena. Ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, itiwe matone machache ya oili nyepesi. Grisi nzito usishindilie. Inauzuia ulimi usishike vizuri.

Basi rai yetu kwa mkutano ujao ni hizi. Racheti yetu ya zamani inauziwa vipuri. Vinunuliwe, irudi kazini. Ununuliwe na mpini mrefu, bomba lirudi kwenye maji. Daftari la vifaa lifunguliwe, kila anayechukua aandike jina na hali ya kifaa, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari. Na posho ya kijana isiguswe hata senti moja. Aliumia kwa kifaa tulichokiharibu sisi wote, naye kesho yake alirudi na mkono uliofungwa kitambaa akatutengenezea mashine.

Tukimwona tumwambie, "Pole, ndugu yetu." Halafu tumpe racheti inayoshika.